Maji ya Moto, Maji ya Baridi, na Hesabu ya Newton

Wasomaji wengi wamekwisha kusikia jina la Erasto Mpemba. Hutajwa katika hotuba za mahafali, hutajwa katika vitabu vya shule, na vijana wakiambiwa habari zake hufurahi kwamba mtu wa nchi hii amelipa jina lake jambo moja la elimu ya fizikia, na ya kuwa jina hilo hutamkwa mpaka Ulaya na Marekani. Walakini makala yenyewe iliyoleta sifa hiyo haisomwi. Ilipigwa chapa mwaka 1969 katika gazeti la Kiingereza la walimu wa fizikia, liitwalo Physics Education, nayo ni fupi, kurasa chache tu. Kichwa chake ni neno moja lenye alama ya kuuliza: Cool? Walioiandika ni wawili: Mpemba mwenyewe, ambaye wakati huo alikuwa katika Chuo cha Wanyamapori cha Mweka, karibu na Moshi, na Denis Osborne, mwalimu wa fizikia wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. (Mpemba ni jina la mtu huyo, hatusemi hapa habari za watu wa kisiwa cha Pemba.)

Tumeona vema kuipima makala hii kama ipimwavyo kazi yo yote iliyoandikwa: nguvu yake i wapi, imepunguka wapi, nayo yatufaa nini sisi wa Bariadi, Maswa, Itilima, Meatu na Busega, tusioona barafu ila ile ya dukani.

Makala ina sehemu mbili, na kila mwandishi asema kwa sauti yake. Sehemu ya kwanza ni ya Mpemba. Asimulia ya kuwa mwaka 1963, alipokuwa kidato cha tatu katika Shule ya Sekondari ya Magamba, huko Lushoto, wanafunzi walikuwa wakijitengenezea aiskrimu. Desturi yao ilikuwa kuchemsha maziwa, kuyachanganya na sukari, kuyaacha yapoe, ndipo kuyatia katika jokofu. Nafasi ilikuwa haba, na wavulana waliigombea. Siku moja mwenzake aliona nafasi inakwisha, akachanganya maziwa na sukari pasipo kuyachemsha, akayatia upesi. Mpemba naye, kwa kuogopa kukosa chombo cha mwisho, akathubutu kuyatia yake yangali moto. Baada ya saa moja na nusu wakaenda kutazama. Yale ya Mpemba yalikuwa yameganda. Ya mwenzake yalikuwa bado maji mazito.

Akamwuliza mwalimu wake wa fizikia, naye akajibiwa kwamba amechanganyikiwa, jambo hilo haliwezekani. Akanyamaza. Lakini baadaye alikutana mjini Tanga na rafiki aliyefanya kazi ya kuuza aiskrimu, akasikia kwamba wauzaji nao hutia maziwa yangali moto, kwa kuwa huganda upesi zaidi. Hivyo akarudi kuliamini jicho lake. Alipofika Shule ya Mkwawa, Iringa, darasa likafundishwa kanuni ya Newton ya kupoa kwa vitu. Akauliza tena. Mwalimu wa huko akamjibu kwa mzaha kwamba hiyo si fizikia ya watu wote, ni fizikia ya Mpemba. Tangu siku hiyo, kila alipokosea hesabu darasani, wenzake walisema kwamba hiyo ni hesabu ya Mpemba.

Sisi twahukumu kwamba sehemu hii ndiyo bora katika makala yote. Kijana hajisifu, wala hamtukani mwalimu wake, wala hapambi maneno. Asema alichokifanya, alichokiona, na alichoambiwa, kwa utaratibu ule ule ambao shahidi mwema hutumia barazani mbele ya wazee. Apendaye kujifunza kuandika habari ya jaribio la elimu na aanze hapa. Hata kicheko cha darasa amekiandika kama jambo mojawapo tu, akapita.

Basi wasomaji huwa wepesi kumlaumu yule mwalimu wa Mkwawa. Ni rahisi. Lakini sisi tulio walimu hatuna budi kutazama alikuwa na nini mkononi alipojibu vile. Maana hakujibu kwa ujinga. Alikuwa na kanuni, na kanuni hiyo ni njema.

Kanuni yenyewe Newton aliiandika mwaka 1701, kwa Kilatini, katika gazeti la jamii ya wataalamu wa London, wala hakutia jina lake. Yasema hivi: kitu chenye moto hupoteza joto kwa kadiri ya tofauti iliyopo baina ya joto lake na joto la mahali kilipo. Tofauti ikiwa kubwa, hupoa mbio. Tofauti ikipungua, hupoa polepole. Chukua sufuria ya maji yenye digrii 80, ndani ya nyumba yenye digrii 20. Tofauti ni 60. Ikiwa baada ya dakika 10 tofauti imekuwa nusu, yaani 30, maji yana digrii 50. Baada ya dakika 10 nyingine tofauti ni 15, na maji yana 35. Baada ya 10 nyingine tofauti ni 7.5, na maji yana 27.5. Kila mara nusu, wala si kila mara kiasi kile kile. Ajuaye hili aweza kutabiri saa ambayo chai itanyweka, na mhandisi aweza kutabiri chuma kitapoa lini baada ya kutoka tanuruni, au mtambo utahitaji maji kiasi gani usipate kuungua. Hiyo ndiyo kazi ya hesabu katika fizikia: kutoka vipimo viwili vitatu vya leo hata jambo la kesho ambalo hakuna aliyeliona.

Tena kanuni hiyo yazaa hoja tamu sana, ambayo bila shaka ndiyo iliyokuwa kichwani mwa mwalimu yule. Tuieleze kwa mfano wa njia yetu. Watu wawili wanakwenda Mwanza kwa miguu. Mmoja aondoka Bariadi, mwingine aondoka Lamadi, saa ile ile. Yule wa Bariadi hana budi kupita Lamadi kwanza. Na afikapo Lamadi, atakuwa mahali pale pale alipokuwa mwenzake alipoanza. Safari iliyobaki ni ile ile, na muda uliobaki ni ule ule. Mwenzake amekwisha kutangulia. Basi yule wa Bariadi hawezi kufika kwanza kamwe. Vivyo hivyo maji ya digrii 90 hayana budi kupita digrii 25 kabla ya kufika 0. Na yakiwa 25, yatahitaji muda ule ule walioutumia wenzao walioanza na 25. Kwa hiyo maji ya moto hayawezi kuganda kwanza. Hoja imekwisha, kijana na akae chini.

Tazama, ndani ya hoja hii hamna kosa. Kila hatua yafuata hatua iliyotangulia. Kosa, kama lipo, li nje ya mlango, katika neno moja lililoingizwa kabla ya hesabu kuanza, wala halikusemwa: kwamba hali ya maji yale yote yaweza kuelezwa kwa tarakimu moja tu, yaani digrii zake. Ukikubali neno hilo, umeshindwa. Lakini mtu wa Bariadi afikapo Lamadi, yamkini amepanda baiskeli njiani, au ameuza mzigo wake mnadani, au miguu yake imekwisha kupata moto wa mwendo ilhali wa Lamadi ndiyo kwanza ainuke kitini. Mahali ni pamoja, lakini wasafiri si sawa. Kadhalika maji yaliyotoka digrii 90 yakafika 25 siyo lazima yawe sawa na maji yaliyoanza na 25. Baadhi yake yamekwenda kwa mvuke, basi ni machache zaidi. Hewa iliyokuwamo imetoka wakati wa kuchemka. Tena ndani yake mna mzunguko: yaliyo moto hupanda, yaliyopoa hushuka, juu na chini si joto moja.

Jambo hili la mwisho halihitaji chuo. Mtoto wa miaka mitatu apewapo uji wa mtama katika sahani, huanzia pembeni. Hajasoma Newton, lakini ajua ya kuwa uji hauna joto moja, una la pembeni na la katikati, na aanzaye katikati huunguza ulimi. Kanuni ya kupoa kama ifundishwavyo madarasani yaufanya uji wote kuwa na joto moja. Ni kielelezo cha uji, si uji. Hatusemi hivyo kwa kuidharau. Pasipo kuacha mambo mengine nje, hakuna hesabu iwezayo kuanza. Aliyetaka kuhesabu kila tone la uji angekufa kwa njaa. Ila anayeacha jambo nje na akumbuke kwamba ameliacha.

Na Newton alikumbuka. Katika karatasi yake ya 1701 alisema waziwazi kwamba chuma chake hakukiweka katika hewa tulivu, bali katika upepo uvumao sawasawa, ili hewa iliyopata moto iondoke na nyingine ya baridi ishike mahali pake. Mwenye kanuni aliifunga kanuni yake kwa sharti. Vitabu vya shule vimeichukua kanuni na mara nyingi vimeliacha sharti kando, nasi walimu twafundisha lililobaki. Twaona hapa ndipo penye kisa chenyewe. Aliyebishana na Mpemba darasani hakuwa Newton, alikuwa Newton aliyekatwa mkia.

Sasa tuitazame sehemu ya pili, ya Osborne. Alikuwa amealikwa Mkwawa kusema na wanafunzi, na Mpemba akasimama kumwuliza mbele ya watu wote: ukichukua vyombo viwili vyenye maji sawa, kimoja cha digrii 35 na kimoja cha digrii 100, ukavitia katika jokofu, kile cha 100 huganda kwanza, kwa nini? Wanafunzi wakacheka, tena wengine wakaona amewaaibisha. Osborne hakudhani kwamba ni kweli. Lakini alifanya jambo ambalo walimu wawili kabla yake hawakulifanya: alirudi Dar es Salaam akaagiza lijaribiwe. Fundi wa maabara alijaribu, akaleta habari kwamba maji ya moto yameganda kwanza, akaongeza kwa moyo mwema kabisa kwamba wataendelea kurudia mpaka wapate jibu lililo sahihi. Osborne ameliandika neno hilo ndani ya makala, nasi twamshukuru, maana twajiona sote humo. Ni mara ngapi mwanafunzi amepima kwa fimbo ya futi, akapata jibu lisilo la kitabuni, akafuta, akaandika la kitabuni?

Jaribio lenyewe lilikuwa hivi. Walitia maji sentimeta za ujazo 70 katika bilauri za kioo zenye nafasi ya 100, wakaziweka katika sehemu ya barafu ya jokofu la nyumbani, juu ya ubao wa povu gumu, ili ubaridi usiingie kwa chini. Wakabadili joto la kuanzia, wakaandika muda hata kuganda kuanze. Muda mrefu kupita wote ulikuwa wa maji yaliyoanza na digrii 25. Yaliyoanza karibu na 90 yalichukua muda mfupi zaidi sana. Ndipo wakafanya kazi ya kuondoa sababu moja moja. Je, ni kwa kuwa maji yamepungua kwa mvuke? Wakapima, wakaona upungufu hautoshi kueleza tofauti ile. Je, ni hewa iliyo ndani ya maji? Wakatumia maji yaliyochemshwa karibuni, na jambo likabaki. Wakamwaga utando wa mafuta juu ya maji, na kuganda kukachelewa sana. Hivyo wakajua ya kuwa joto lilitoka kwa juu zaidi kuliko kwingine. Wakatia vipimajoto juu na chini, wakaona sehemu ya juu yabaki na joto zaidi, basi nayo yapoteza joto zaidi. Hapo ndipo uji wa mtoto unapoingia chuoni.

Hiyo ni kazi ya ustadi kwa vyombo vichache, nasi twaisifu. Lakini kusifu pasipo kuchunguza siyo heshima. Basi na tuseme yaliyopunguka. La kwanza, waandishi walipima muda wa kuanza kuganda, na watu wanaosimulia habari zao husema muda wa kuganda kabisa. Ni mambo mawili. Maji huweza kushuka chini ya 0 na kukaa majimaji, yakingoja sababu ndogo ya kuganda, chembe ya vumbi au mkwaruzo wa kioo. Na sababu hiyo huja kama bahati. Mwaka 1995 David Auerbach alionyesha ya kuwa bahati hii ina sehemu kubwa katika jambo hili. La pili, makala haimpi msomaji vipimo vyote ambavyo mtu mwingine angehitaji ili kuirudia kazi ile hatua kwa hatua. La tatu, nalo twaliona kubwa: baada ya kuonyesha kwamba kielelezo cha tarakimu moja hakitoshi, Osborne hakujenga kielelezo cha pili. Alieleza kwa maneno, akaishia hapo. Yamkini gazeti la walimu halikuwa mahali pake. Hata hivyo nyumba ya zamani ilibomolewa ukuta mmoja, na mpya haikujengwa.

Matokeo yake yalikuwa mabishano ya miaka mingi. Tusisahau pia ya kuwa jambo lenyewe si geni: Aristotle aliliandika zamani za Wayunani, na Bacon na Descartes walilitaja, kisha likasahauliwa hata kijana wa Magamba alipolirudisha kwa ajili ya kugombea nafasi ya jokofu. Mwaka 2012 Jamii ya Kemia ya Uingereza ilitangaza zawadi ya pauni 1,000 kwa atakayeeleza vema sababu, na majibu zaidi ya 22,000 yakaletwa. Wingi wa majibu ni dalili ya kwamba hapakuwa na jibu moja. Kisha mwaka 2016 Henry Burridge na Paul Linden, wa Uingereza, walifanya majaribio ya uangalifu mwingi, wakakusanya na ya wengine, wakasema hawakuona ushahidi wa kutosha kwamba maji ya moto hufika 0 kabla ya maji ya baridi. Wakaonyesha tena kwamba kipimajoto kikikosewa mahali pake kwa sentimeta 1 tu, mtu aweza kudhani ameliona jambo ambalo halikuwapo.

Tumesikia watu wakihuzunika kwa habari hiyo, kana kwamba mtu wa kwetu amenyang'anywa ng'ombe wake. Sisi hatukuhuzunika. Watu wale wawili walimfanyia Mpemba kile kile alichoomba darasani: walipima. Na sentimeta ile moja ni ushahidi wa upande wake kwa namna fulani, maana kama maji yangekuwa na joto moja pande zote, kipimajoto kingewekwa po pote na jibu lingekuwa moja.

Tena hesabu yenyewe, ile iliyotumiwa kumnyamazisha, ikaja kusema. Mwaka 2017 Zhiyue Lu na Oren Raz waliandika hesabu iliyoonyesha kwamba kitu kilichoanza na moto zaidi chaweza kweli kuwahi kupoa, iwapo hali yake haielezeki kwa tarakimu moja bali kwa tarakimu nyingi zikienda pamoja. Katika tarakimu hizo iko moja ipoayo kwa uvivu kupita zote, nayo ndiyo ichelewayo kufika. Na kitu kilichoanza na moto zaidi huweza kuwa na uvivu huo kidogo kuliko kilichoanza na baridi. Hivyo hupita. Mwaka 2020 Avinash Kumar na John Bechhoefer, huko Kanada, walilijaribu kwa chembe ndogo sana ndani ya maji, wakiiongoza kwa mwanga, na mambo yakawa kama hesabu ilivyonena. Haya hayathibitishi habari ya maziwa ya Magamba. Chembe si maziwa. Yathibitisha kwamba neno «haliwezekani» halikuwa na haki ya kutamkwa.

Msomaji wa Bariadi aweza kuuliza: na sisi wenye ng'ombe na pamba, mambo ya barafu yatuhusu nini? Yatuhusu kwa sababu kosa lile lile la tarakimu moja lipo malamboni mwetu.

Usukumani maji ya kiangazi ni shida inayojulikana. Mto Simiyu mvua ikiisha hupungua hata mchanga ukaonekana, na watu hufukua mchangani wapate maji. Kwa hiyo malambo yamechimbwa tangu zamani za serikali ya Waingereza hata leo. Sasa mtu asimama kando ya lambo mwezi wa Julai, aona kijiti cha kupimia kinaonyesha kina kimebaki nusu, asema: maji yamebaki nusu, tutafika Oktoba. Tuhesabu. Lambo la kuchimbwa katika bonde lina umbo linalokaribia paa la nyumba ya msonge lililopinduliwa: juu pana, chini pembamba. Kina kikiwa nusu, upana nao ni nusu, na urefu nao ni nusu. Nusu ya nusu ya nusu ni sehemu moja katika nane. Kama lilikuwa na madebe 80,000, limebaki na 10,000, wala si 40,000. Ng'ombe watakufa Agosti, na watu watasema ni laana. Jicho limedanganya hapa, na hesabu ndiyo iliyosema kweli. Huu ni mfano ulio kinyume cha ule wa Mpemba, nasi tumeuweka makusudi, kwa ajili ya wale wanaomtaja Mpemba wakitaka kusema kwamba hesabu za vitabuni hazina maana na kwamba macho ya wazee yatosha. Mpemba hakusema hivyo. Alitia maji ya kiasi kimoja katika vyombo viwili, akatazama. Macho yasiyopima hayakumpa sifa.

Lakini na hesabu ile ya msonge ina mambo iliyoyaacha. Chini ya lambo mna tope lililoletwa na mafuriko ya kila mwaka, basi kijiti kilichosimikwa miaka iliyopita chaweza kuhesabu tope kuwa maji. Jua hunywa kwa juu, na kwa nchi kama yetu huweza kunywa zaidi ya mvua iliyoanguka juu ya uso wa lambo lenyewe. Udongo nao hunywa kwa chini, na mbuga nyeusi si sawa na mchanga. Na anayepanga lambo jipya kwa tarakimu moja, yaani wastani wa mvua ya mwaka, ajihadhari zaidi: mvua ya kwetu haiji kwa wastani. Huja kwa dhoruba chache, kisha hukatika. Maji ya dhoruba moja yaweza kubomoa tuta ambalo kwa wastani lilikuwa salama kabisa. Mwezi mmoja wenye mvua mbili kubwa na mwezi mmoja wenye mvua kumi ndogo hupata tarakimu moja katika daftari, wala hazijazi lambo sawa. Mhandisi akija kijijini na karatasi yake, wazee wakamwuliza kwa adabu, «Mwanangu, katika hesabu hii umeacha nini nje?», huko si kumdharau. Kama ni mhandisi mwema, anayo orodha.

Sasa neno juu ya shule. Tumepata kuyasoma madaftari ya wanafunzi wa sekondari, wa hapa na wa kwingine. Kanuni ya Newton imeandikwa kwa mwandiko mzuri, na chini yake hesabu tatu nne zimefanywa na kutiwa alama ya sahihi. Sharti la upepo halimo. Neno la kwamba kitu kizima kimehesabiwa kuwa na joto moja halimo. Mwanafunzi amepewa kisu asionyeshwe upande wenye makali. Tena tumemwona kijana, katika shule ambayo hatutaitaja, aliyepima joto la maji akapata mstari usiofanana na ule wa kitabu, akaambiwa arudie mpaka ufanane. Ni fundi yule wa Dar es Salaam tena, ila safari hii hakuna Osborne wa kuisoma karatasi.

Makala ya Mpemba na Osborne, pamoja na upungufu wake, yafaa kufasiriwa kwa Kiswahili yote, isomwe darasani siku ile ile ifundishwapo kanuni, wala si baadaye kama hadithi ya kufurahisha. Isomwe na habari ya 2016 kando yake, wanafunzi waone ya kuwa aliyesifiwa naye hupimwa.

Na shule yenye umeme na jokofu yaweza kujaribu yenyewe, kwa gharama ndogo. Bilauri ziwe za namna moja, na maji yapimwe yawe sawa. Ziwekwe juu ya kitu kisichopitisha ubaridi, zisiguse ukuta wa jokofu, tena zibadilishane mahali katika kila jaribio, maana pande za jokofu si baridi moja. Kipimajoto kifungwe kwenye kijiti ili kisimame kimo kile kile katika kila bilauri. Ianze moja yenye 25, nyingine 40, nyingine 60, nyingine 90. Lirudiwe mara kumi au zaidi, wala lisifanywe mara moja tu mbele ya mgeni. Iandikwe saa ya kuanza kuganda, na saa ya kuganda kabisa, kila moja katika safu yake. Na yale majaribio ambayo maji ya baridi yalitangulia yaandikwe kwa wino ule ule.